Msitu Unaoitwa Mbuga: Uhakiki wa Lugha ya Kutazama Wanyamapori kwa Magari katika Misitu ya Hifadhi ya Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha inayotumika katika ziara za magari za kutazama wanyamapori ndani ya misitu ya hifadhi ya Afrika Mashariki. Hoja ya msingi ni kwamba ziara hizo zimeingia msituni zikiwa zimebeba lugha ya uwanda wa nyasi: istilahi zake, orodha yake ya wanyama, na matarajio yake ya kuona mbali na kuona haraka. Kiswahili, lugha iliyoupa ulimwengu neno safari, ni lugha ya kazi miongoni mwa madereva na askari wa wanyamapori, lakini aghalabu si lugha ya kumweleza mgeni. Kwa kutumia mfano wa Shimba Hills nchini Kenya, na kuulinganisha na misitu ya Tanzania, Uganda na Rwanda, makala yanaonesha kwamba pengo hilo ni la kisera kama lilivyo la kiisimu, na yanapendekeza hatua nne za kuliziba.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, safari ni mwendo wowote wa kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Mfanyabiashara ana safari ya Dubai, mbeba maji huhesabu safari zake za kisimani, na marehemu husindikizwa katika safari yake ya mwisho. Neno hilo, ambalo asili yake ni Kiarabu, limekwenda mbali hata likawa kipimo cha wakati: anayesema "safari hii" huenda hana mpango wa kutoka nyumbani.

Kiingereza kilipolichukua neno hilo katika karne ya 19, maana yake ilibanwa. Kwanza lilikuwa msafara wa mgeni na wapagazi wake kwenda bara. Kisha likawa msafara wa kuwinda. Theodore Roosevelt, aliyeingia Mombasa mwezi Aprili 1909 mara baada ya kumaliza urais wa Marekani, aliifanya maana hiyo ya pili ijulikane kote duniani. Baadaye bunduki ilipokewa na kamera, na miguu ya wapagazi ikapokewa na magurudumu. Leo neno hilo limefika hata katika hifadhi za simbamarara za India, ambako ziara ya gari msituni huitwa safari, ilhali Kihindi kina neno lake safar, la mzizi uleule wa Kiarabu na lenye maana pana ya mwendo. Neno la pwani ya Afrika Mashariki limezunguka dunia na kurudi likiwa na maana moja tu: kukaa ndani ya gari na kutazama wanyama.

Mabadiliko ya maana si kosa. Maneno yote yanayosafiri hubadilika. Linalostahili kuhakikiwa ni kile kilichokuja pamoja na maana hiyo finyu, yaani mtindo mzima wa kusema juu ya wanyama na mahali wanapoishi. Mtindo huo uliundwa katika nyanda za nyasi. Unapopelekwa msituni bila kurekebishwa, humfundisha mgeni kutafuta kisichokuwapo na kukipita kilichopo.

2.0 Msitu unaoitwa mbuga

Shimba Hills, katika Kaunti ya Kwale, ni mfano unaofaa. Eneo hilo lilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1903, na mwaka 1968 sehemu yake kubwa ikafanywa hifadhi ya wanyamapori. Kwa hiyo mahali pamoja pana hadhi mbili kisheria: ni msitu, na ni hifadhi ya wanyama. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku na katika vyombo vya habari, Shimba Hills huitwa mbuga, kama vile Maasai Mara na Tsavo.

Mbuga katika Kiswahili ni uwanda wazi wa nyasi, mara nyingi wenye udongo mweusi unaoshika maji. Neno hili lilipanuliwa likawa jina la jumla la eneo lolote la kutazama wanyama. Upanuzi huo ulikuwa na maana pale ambapo hifadhi zilizojulikana zaidi zilikuwa nyanda kweli. Kwa Shimba Hills, neno hilo linapotosha. Vipo vipande vya nyasi juu ya vilima, lakini sifa ya mahali hapo ni msitu wa pwani, kama ule wa Makadara na Longo Mwagandi, ambamo jicho halipenyi zaidi ya hatua chache kutoka barabarani.

Tanzania imekuwa makini zaidi katika istilahi zake. Hifadhi ya Taifa, Pori la Akiba, Pori Tengefu, Msitu wa Hifadhi na Hifadhi ya Mazingira Asilia ni majina matano yanayobeba masharti tofauti. Katika Hifadhi ya Taifa uwindaji hauruhusiwi. Katika Pori la Akiba unaweza kuruhusiwa kwa kibali. Lugha rasmi ya nchi hiyo hutenganisha pia "utalii wa picha" na "uwindaji wa kitalii", tofauti ambayo neno safari peke yake haliwezi kuionesha. Istilahi hizo nazo zina historia inayohitaji kuhojiwa, kwa kuwa akiba ni kitu kilichowekwa ili kije kitumiwe, na swali la nani alikusudiwa kukitumia limo ndani ya jina lenyewe. Lakini angalau msitu umebaki na jina la msitu.

Jina huathiri mwenendo. Mgeni aliyeambiwa kwamba anapelekwa mbugani hutarajia kuona makundi ya wanyama kutoka mbali. Asipoyaona katika saa ya kwanza, humhimiza dereva aongeze mwendo au abadilishe njia. Dereva, ambaye kipato chake hutegemea kuridhika kwa mgeni, hulazimika kuutendea msitu kama uwanda. Kwa meneja wa hifadhi, matarajio hayo yanaweza kugeuka kuwa shinikizo la kupasua njia mpya za magari.

Katika kaunti hiyohiyo ya Kwale upo mfano wa kinyume. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ni mmoja wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambayo kadhaa kati yake iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mgeni wa Kaya Kinondo huingia kwa miguu, huvishwa kitambaa cheusi, na huelezwa miiko ya mahali kabla ya kupiga hatua ya kwanza: asing'oe kitu, asichukue kitu. Hakuna anayemwahidi mnyama yeyote. Anaahidiwa msitu, na msitu ndio anaoupata. Tofauti kati ya ziara hizo mbili haitokani na ukubwa wa eneo au idadi ya tembo pekee. Inatokana pia na lugha ambayo mgeni hupokewa nayo mlangoni.

3.0 Orodha ya mwindaji

Istilahi yenye nguvu kuliko zote katika biashara ya ziara za magari ni ile ya "Watano Wakubwa": simba, chui, tembo, nyati na kifaru. Orodha hiyo haikutungwa na wanabiolojia, wala haikuzingatia uhaba au umuhimu wa wanyama hao katika ikolojia. Iliundwa na wawindaji wa kizungu waliokuwa wakitaja wanyama waliokuwa hatari zaidi kuwindwa kwa miguu. Twiga na kiboko, kwa ukubwa wao wote, hawamo.

Hapa ndipo tafsiri ya neno kwa neno inapostahili kukosolewa. Kiswahili kiliipokea orodha hiyo kama ilivyo na kuipa vazi la Kibantu, bila kuuliza kama mizani iliyotumika kuiunda bado inafaa. Matokeo yake ni kwamba vipeperushi vinavyohimiza uhifadhi hutumia kipimo cha bunduki. Mgeni hutoka hifadhini akiwa na hesabu: wanne kati ya watano, au watatu kati ya watano. Hesabu hiyo ndiyo anayowasimulia wenzake, nayo huamua kama atapendekeza hifadhi hiyo kwa wengine.

Kwa kipimo hicho, msitu hushindwa kila mara. Fahari ya Shimba Hills ni palahala, swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma kama jambia, ambaye dume lake likikomaa huwa jeusi. Nchini Kenya, palahala wa porini wamebaki hapo peke yake. Kwa mtu anayefikiria uhifadhi, mnyama huyo ni sababu tosha ya safari. Lakini hayumo katika watano. Anayemwona hajapata alama yoyote katika hesabu yake, na anayemkosa hajui kwamba amekosa kitu.

Hali ni hiyohiyo kwa mbega anayeruka juu ya miti, kwa funo anayejificha vichakani, kwa komba anayelia usiku, na kwa hondohondo ambaye sauti yake humfikia msikilizaji muda mrefu kabla ya umbo lake. Katika msitu, sikio hutangulia jicho. Tawi lililovunjwa, kinyesi ambacho bado kina joto na unyayo kwenye tope ni taarifa kamili kwa anayejua kuzisoma. Injini ya gari hufuta nusu ya taarifa hizo, na orodha ya watano hufuta nusu iliyobaki.

Uganda na Rwanda zimeonesha kwamba mambo yanaweza kupangwa vingine. Bwindi, uliokuwa msitu wa hifadhi tangu enzi ya ukoloni, ulipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Kibale ulifuata mwaka 1993. Nyungwe, upande wa Rwanda, mwaka 2005. Katika misitu hiyo mgeni huwafuata sokwe au masokwe wakubwa kwa miguu. Kwa masokwe wakubwa wa Bwindi, kundi la kawaida halizidi wageni 8, na muda wa kuwatazama ni saa 1. Gari humfikisha mgeni mwanzo wa njia, likaishia hapo. Kutembea kunamlazimisha mwongozaji kusema: kwa nini kundi lilipita hapa jana, walikula nini, kwa nini tunyamaze sasa. Maelezo yanakuwa sehemu ya ziara yenyewe.

4.0 Majina yanayotangulia sayansi

Inaweza kudhaniwa kwamba Kiswahili na lugha jirani hazina msamiati wa kutosha wa msitu, na kwamba ndiyo sababu maelezo hutolewa kwa Kiingereza. Ushahidi unakanusha dhana hiyo.

Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika Mlima Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, walisikia kutoka kwa Wanyakyusa habari za mnyama wa jamii ya kima aitwaye kipunji. Sayansi haikuwa na kumbukumbu yoyote ya mnyama huyo. Alipopatikana, akatangazwa mwaka 2005, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus kipunji. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ni mlima, na ya pili ni neno la wenyeji. Kwa maneno mengine, spishi iliyokuwa mpya kwa maabara ilikuwa na jina katika mazungumzo ya watu waishio kando ya msitu huo. Hakuna gari la watalii lililomgundua.

Mfano wa pili ni mdogo kwa umbo. Yupo mnyama mwenye pua ndefu kama mkonga, anayekimbia juu ya majani makavu ya misitu ya pwani, ambaye Waswahili humwita sange. Kwa muda mrefu Kiingereza kilimchanganya na jamii ya virukanjia, ingawa hana udugu wa karibu nao. Wanasayansi walipotafuta jina lisilopotosha, walichukua "sengi" kutoka lugha za Kibantu. Leo jina hilo hutumika katika majarida ya zoolojia duniani kote. Inashangaza kwamba mgeni kutoka Nakuru, Mwanza au Bujumbura anaweza kupita katika makazi ya sange bila kuambiwa jina ambalo lugha yake imelihifadhi.

Mifano hii miwili inaonesha kwamba tatizo si uchache wa maneno. Maneno yapo, lakini hayajakusanywa mahali ambapo mwongoza watalii anaweza kuyapata, hayafundishwi katika mafunzo yake, wala hayaulizwi katika mtihani wake. Dereva anayejua majina hayo kwa Kidigo au Kiswahili huyaacha nje ya gari kama mzigo wa binafsi, kisha huingia na majina ya kitabu cha picha cha Kiingereza.

5.0 Anayelipa na anayeelezwa

Orodha za viingilio vya hifadhi za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda humtaja raia wa Afrika Mashariki kama kundi maalumu, na humtoza kiasi kidogo kuliko mgeni wa kutoka ng'ambo. Huo ni uamuzi wa kisera wenye busara. Unakiri kwamba wenyeji wa ukanda huu ni wageni halali wa hifadhi zao na kwamba inafaa wavutiwe kuzitembelea.

Lakini utambuzi huo huishia kwenye dirisha la malipo. Baada ya hapo, raia huyo hukutana na mabango, ramani na maelezo yaliyoandaliwa kwa ajili ya mtu mwingine. Mwanafunzi wa shule ya msingi aliyekuja kwa basi husomewa kanuni kwa lugha ambayo bado anajifunza. Mzazi wake, ambaye huenda ana shamba mpakani mwa hifadhi na amewahi kupoteza mahindi kwa tembo, hatapata nafasi ya kuuliza kwa lugha yake kwa nini tembo hao walindwe. Kwa familia kama hiyo, swali la tembo ni la chakula. Shimba Hills imewahi kuwa na tembo wengi kuliko eneo lake lilivyoweza kuwahimili, hata mwaka 2005 baadhi yao wakahamishiwa Tsavo. Maelezo ya uamuzi kama huo yanawahusu wakulima wa Kwale kuliko mgeni wa siku mbili.

Hatima ya misitu ya hifadhi huamuliwa na raia wa ukanda huu: wapigakura wao, madiwani wao na wabunge wao. Mwaka 2007, mpango wa kutoa sehemu ya Msitu wa Mabira nchini Uganda kwa kilimo cha miwa ulizusha maandamano mjini Kampala yaliyogharimu maisha ya watu, na serikali ikausimamisha mpango huo wakati ule. Waliousemea msitu walikuwa raia. Raia atausemea msitu iwapo ana maneno ya kuusemea. Anayefahamu hifadhi kama mahali pa Watano Wakubwa atakosa hoja siku atakapoambiwa kwamba msitu wa jirani yake hauna simba wala kifaru, na kwa hiyo hauna faida.

6.0 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni la soko. Mgeni wa ng'ambo hulipa zaidi, na lugha yake ndiyo inayoweka chakula mezani kwa dereva. Waswahili wenyewe husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pingamizi hili lina uzito, na hakuna sera ya lugha itakayofanikiwa ikimpunguzia mwongozaji kipato. Hata hivyo, kinachodaiwa hapa si kukiondoa Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani ndani ya gari. Kinachodaiwa ni kwamba anayezungumza Kiswahili asipewe huduma pungufu. Aidha, soko la nje huyumba. Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 liliposimamisha ndege, hifadhi za ukanda huu ziligeukia wageni wa ndani. Lugha ya kuwapokea haikuwa imeandaliwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa wataalamu wa lugha. Kiswahili kikifanywa lugha ya maelezo, je, hakitameza Kidigo, Kinyakyusa au Rukiga, lugha ambazo ndizo zenye ujuzi wa ndani wa misitu hiyo? Hatari hiyo ni ya kweli. Mfano wa kipunji wenyewe unathibitisha kwamba jina lililohitajika halikuwa la Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili kinapaswa kubeba ujuzi huo kutoka jamii moja hadi nyingine huku kikitaja mwenye nao. Jina la Kinyakyusa libaki la Kinyakyusa, na litajwe hivyo. Ikiwa Kiswahili kitaifanyia Rukiga kile ambacho Kiingereza kimekifanyia Kiswahili, uhakiki huu utakuwa umepoteza maana yake.

7.0 Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza hatua nne.

Kwanza, mabaraza ya Kiswahili ya nchi wanachama, yakiratibiwa na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na kushirikiana na mamlaka za wanyamapori na za misitu, yasanifishe istilahi za maeneo yaliyohifadhiwa. Mgawanyo wa Tanzania unaweza kuwa mahali pa kuanzia. Shimba Hills na maeneo kama hayo yaitwe misitu katika mabango na matangazo.

Pili, iandaliwe orodha ya majina ya wanyama, ndege na miti kwa kila msitu, yenye jina la Kiswahili, jina la lugha ya wenyeji na jina la kisayansi. Lugha chanzi ioneshwe waziwazi, na wazee waliotoa majina watambuliwe kwa ridhaa yao.

Tatu, mafunzo na mitihani ya waongoza watalii iwe na sehemu ya lazima ya kueleza msitu kwa Kiswahili: nyayo, sauti, mimea, miiko, na sababu za kanuni. Ujuzi ambao dereva huuacha nje ya gari uwe sehemu ya sifa zake za kitaaluma, na uonekane katika malipo yake.

Nne, ziara za msituni zipangwe kwa mantiki ya msitu. Pale usalama unaporuhusu, gari limfikishe mgeni mahali pa kuanzia, kisha atembee na askari. Pale ambapo tembo na nyati wanazuia kutembea, gari lisimame, injini izimwe, na mgeni apewe muda wa kusikiliza.

Hatua tatu za mwanzo zinaweza kuanza bila kusubiri sheria mpya wala miundombinu ya gharama kubwa. Bango la langoni linaweza kuandikwa upya, silabasi inaweza kuongezewa moduli, na vikao vya istilahi vinaweza kuanza na msitu mmoja katika kila nchi. Kipimo cha mafanikio kiwe chepesi vilevile: raia wa Afrika Mashariki anapotoka langoni, aulizwe amesikia nini, ameona nini, na vinaitwaje. Akijibu kwa idadi ya wanyama kati ya watano, kazi bado haijaanza. Akimtaja palahala, mbega na sange, na akaweza kueleza kwa nini mkulima wa jirani ana haja na msitu huo, hifadhi itakuwa imepata msemaji mmoja zaidi.